Kilindi Ambacho Mume Wangu Hakitaji

Kwa Ndugu Delbert Maki,
Mwenyekiti, Chama cha Wavuvi wa Majira ya Baridi,
Bonde la Wickam, Oregon.

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu, wewe na Bi Arlene, na natumaini goti lake halimsumbui sana na baridi hii. Sisi huku ni wazima kiasi. Mume wangu Orrin, mwanachama wako mtiifu, ameanza kutembea bila magongo, na hilo ndilo linalonifanya nikuandikie mapema, kabla mvua za Desemba hazijaleta samaki.

Najua jinsi mnavyompenda kichwachuma, yule trauti anayetoka mtoni akiwa mdogo, akaenda kuzurura baharini, kisha akarudi katikati ya baridi akiwa mkubwa, mwenye hasira na asiye na njaa. Mtu mwenye akili timamu angemwacha apite. Ninyi mnamngoja mwaka mzima. Samaki mwenyewe sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na huko kungoja, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba msimu wenu, ambao kwa mujibu wa tangazo mlilobandika kwenye duka la vyambo unaanza Desemba, nyumbani kwangu ulianza Agosti. Jua linawaka, watoto wa jirani wanaogelea, Orrin yuko sebuleni anarusha mshipi juu ya kochi akilenga taa. Septemba alihamia jikoni, akawa anakausha mayai ya samaki kwa chumvi na rangi ya waridi kuwa chambo, na chupa akaiweka kwenye friji kando ya jemu yangu ya stroberi. Pasta Halvorsen alipokuja kunywa kahawa alijipakia mkate mwenyewe kutoka chupa ile ya chambo. Yule ni mtu wa adabu. Alimaliza kipande chote, akasema jemu ya mwaka huu imekolea chumvi kidogo.

2. Kwamba mvua ikinyesha, watu wengine huanua nguo, Orrin hutazama kimo cha mto kwenye simu na kutabasamu. Kuanzia Novemba ukimwuliza jambo lolote jibu ni moja: "Itategemea mto, mama." Binti yetu Kirsten alitaka kufunga ndoa Januari. "Itategemea mto." Maji yakiwa ya matope baba atahudhuria. Yakiwa na ile rangi ya kijani ya kuvulia mnayoitaja kwa sauti ya chini, kama watu walio kanisani, basi bibi harusi atafute mwanamume mwingine wa kumshika mkono mpaka madhabahuni. Kirsten amehamishia harusi Juni, na amenipa pole kana kwamba nimefiwa.

3. Kwamba sheria inataka kila kichwachuma aliyezaliwa mtoni mwenyewe arudishwe majini, na Orrin anawataka hao hao. Wale wa kufugwa, wanaoruhusiwa kuliwa, anawadharau. Kwa hiyo mtu mzima anatoka kitandani, anaganda mpaka kope, akibahatika anamshika samaki, anamwomba radhi, anamwachia. Samaki wa kula tunanunua dukani.

4. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, na hapa naomba uweke kikombe chini.

Bonde zima linajua kwamba mwanachama wenu hataji mahali anapovulia. Haambiwi mke, haambiwi pasta. Orrin huliegesha gari lake kwenye daraja la Mto Wickam, mahali ambapo hajawahi kupata hata dagaa, ili watu walione. Kisha hupanda kilima kwa miguu na kuteremkia upande wa pili, kwenye Mto Tolley, kwenye kilindi chake. Februari iliyopita aliteleza huko juu ya jiwe, akavunjika mguu chini ya goti. Simu ilikuwa nzima mfukoni, akapiga kuomba msaada. Wakamwuliza yuko wapi. Akasema, "Wickam, chini ya daraja."

Nimemwuliza mara nyingi alikuwa anafikiri nini. Anasema alipanga kutambaa avuke kilima na mguu wake uliovunjika, awahi kufika Wickam kabla ya waokoaji, aokolewe mahali pasipo na siri. "Ningewaletaje watu wote wale Tolley, Verna? Wangepaona." Wangeona nini? Maji.

Wakati huo Kapteni Rhonda Teague na waokoaji wake walikuwa Wickam wanachokoa matope kwa miti mirefu. Alitaka kupeleka mbwa juu ya maporomoko ya mto huo. Wewe mwenyewe, Ndugu Mwenyekiti, ulimwambia, "Huko hakupitiki, Kapteni, usipoteze muda." Bi Arlene ameniambia kwamba huko ndiko unakovulia wewe. Na mwanachama wako mmoja, simtaji jina kwa kuwa mkewe ananifumia sweta, alikuja kutafuta maiti ya mume wangu akiwa na fimbo ya kuvulia. Alisema aliibeba tu kwa bahati mbaya. Ilikuwa na chambo.

Mchana ulipokuwa unaisha Kapteni alifika mlangoni ameshika kofia ya Orrin waliyoikuta garini. "Bi Verna," akasema, "kaa kwanza." Nilikaa, kisha nikaenda kabatini kutoa suti yake ya kijivu ya kumzikia, na mfukoni mwake ndoana ikanichoma kidole. Nililia sana, Ndugu Mwenyekiti. Nilimlilia mtu aliyekuwa hai, yuko kilimani anatambaa na uongo wake. Walimpata kule kilimani giza linaingia, kwa sababu mbwa wa Kapteni alikuwa na akili kuliko chama chako chote. Sijawahi kuogopa vile, na sitaki kuogopa vile tena.

5. Kwamba mlipokuja kumwona hospitalini, hakuna aliyeuliza habari za mguu. Mliuliza alikuwa anatumia chambo gani. Jina la Tolley mimi nililipata baadaye, dawa za maumivu zilipomlegeza ulimi, na hata hapo alijaribu kujiziba mdomo kwa mto wa kulalia.

Kwa sababu hizo, na kwa heshima zote, naomba yafuatayo. Kwenye karamu yenu ya kufungua msimu, baada ya supu ya chaza na kabla ya keki, kila mwanachama asimame mbele ya wake wote aseme waziwazi anavulia wapi. Akidanganya, asile keki. Pili, kila kilindi kiwekewe kibao chenye jina la mwenyewe, kinachosomeka kutoka barabarani. Cha Orrin pale Tolley kiwe cha kwanza, na rangi nitapaka mimi. Mkishindwa hayo, basi msimu uhamishiwe Julai, samaki waarifiwe, ili wanaume wa bonde hili wakitaka kufa maji wafe kwenye maji ya vuguvugu kama watu wengine. Mkishindwa na hilo, mfukuzeni Orrin uanachama. Atalia, lakini atalia akiwa nyumbani.

Nisalimie wanachama wote, hata yule wa fimbo. Msalimie Kapteni Teague ukimwona, na mbwa wake umpe kipande cha nyama kwa niaba yangu. Bi Arlene mwambie chupa zake za jemu nitazirudisha zikiwa zimeoshwa vizuri.

Ni mimi, kwa hasira na heshima,
Verna Haugland (Bi)

Nyongeza: Daktari amemkataza Orrin kwenda peke yake penye mawe. Jana mvua ilikatika, nikamwona anavaa suruali yake ya mpira kimyakimya gereji. Nikaona afadhali niende naye, kuangalia tu. Alipanda kilima ameegemea bega langu, na tulipofika juu akasema, "Verna, hapa sijamleta mtu mwingine." Sema utakavyo, siku aliponiposa hakuniambia neno zuri kama hilo. Tukateremka hadi mtoni, na alipokaa kupumzisha mguu alinipa fimbo nimshikie. Kitu kikavuta. Kiliruka juu ya maji mara moja, cheupe, kinene, kikanitazama, kikaenda zake. Naandika haya nimesimama na buti miguuni, ndiyo maana mwandiko huu ni mbaya.

Kwa hiyo kibao hakitahitajika, na popote nilipoandika Tolley hapo juu tafadhali soma Wickam. Ningeiandika barua upya, lakini mto unazidi kuwa kijani na Orrin ameshawasha gari. Kapteni Teague akituulizia, mwambie mimi na mume wangu tuko Wickam, chini ya daraja.