Mama Mapacha na Mashine ya Kufulia

Jumatatu, 9 Desemba

Punguzo la sikukuu linaanza Ijumaa, dukani na kwenye tovuti. Sisi wafanyakazi tunaruhusiwa kununua kwa bei hiyo, ila kile tu kitakachobaki Jumamosi jioni wateja wakishaondoka. Yaani makombo. Mwaka jana nilirudi nyumbani na taa ya mezani isiyosimama.

Mwaka huu nataka mashine ya kufulia. Imebaki moja, nyeupe, mlango wake mbele. Mama watoto anafulia nyumba nzima kwa mikono na vifundo vyake vimevimba. Siku hizi hata kufungua chupa ananiita. Mashine nilimwahidi tangu mtoto wetu wa kwanza akiwa bado tumboni. Mtoto huyo sasa ananyoa ndevu. Safari hii nitamtimizia mama yake, tena kwa kumshtukiza.

Mpango rahisi. Nimeisukuma nyuma ya makabati, nikaifunika zulia. Asiyeiona ataitakaje?

Jumanne, 10 Desemba

Kidevu kaiona. Kidevu ndiye muuza televisheni, mtu wa kimbelembele kupindukia. Kilichompeleka nyuma ya makabati hata sielewi. Alilivuta lile zulia, akamwita bosi kana kwamba kaokota dhahabu. Bosi akauliza nani kaificha mashine. Nikasema labda wasafishaji. Kidevu akakohoa, kile kikohozi chake cha kuchongea watu.

Sasa mashine iko mlangoni, imefungwa utepe mwekundu, na picha yake imewekwa mwanzo kabisa wa tovuti. Mchana kutwa nimeuza makochi roho juu, nawatazama wanawake wanavyoipapasa.

Jumatano, 11 Desemba

Dawa imepatikana. Kwenye tovuti, chini ya kila bidhaa, wateja huandika maoni yao. Chini ya mashine yangu hapakuwa na neno. Basi mapumziko ya mchana nikajifungia stoo na kuwa Mama Mapacha. Nyota moja. Nimeandika kwamba mashine hiyo inararua mashuka, inatembea yenyewe jikoni, na imemeza soksi za wanangu wote wawili. Nikamalizia kwa kuwasihi dada zangu wasirudie kosa langu.

Nilipoisoma tena, nusura machozi yanitoke. Nina kipaji. Hapa dukani kinaozea kwenye makochi.

Alhamisi, 12 Desemba

Balaa. Tukiwa mezani jioni, mama watoto akasema kuna jambo alikuwa amenificha. Kumbe miezi yote hii anadunduliza kimyakimya ili kesho anunue mashine ya kufulia kwenye tovuti yetu. Ile ile. Ila ameponea chupuchupu, maana kuna mama mmoja muungwana kaeleza kila kitu. Akanisomea yote, mpaka soksi. Hakuruka hata mkato.

Nikasema mimi ndiye ninayeshinda pale, mashine ni nzima kabisa. Akaniuliza ni nzima kama kile kiti nilichomsifia mama yake? Mama mkwe mpaka leo anakaa kwa upande.

Haidhuru. Akiiona kwa macho yake, iking'aa, atalainika.

Ijumaa, 13 Desemba

Watu wamefurika tangu milango inafunguliwa. Kila anayeigusa mashine anatoa simu, anasoma, anarudi nyuma. Raha niliyoiona leo siwezi kuisimulia. Hata Kidevu aliitamani. Akasoma maoni, akaenda kuitupia jicho pasi.

Halafu, chini ya maoni yangu, mbele ya macho ya ulimwengu, likatokea swali. Mama watoto anamuuliza Mama Mapacha kama anayosema ni kweli, kwa sababu mume wake anaisifia sana mashine hiyo. Na wakati huo huo bwana mmoja mnene kasimama mbele ya mashine, simu mkono mmoja, pochi mkono wa pili, anasubiri jibu. Ningefanyaje? Mama Mapacha akajibu: dada yangu, usimsikilize, hao waume wamefua lini? Bwana mnene akarudisha pochi mfukoni.

Jioni nimemkuta mama watoto anatabasamu na simu yake. Anasema amepata rafiki anayemwelewa. Hajawahi kusema hivyo juu yangu.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimeinunua! Nimekodi pikapu, nimepanda nyuma, nimeikumbatia njia nzima.

Mama watoto alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Akaniuliza kama nimesoma maoni ya watu. Nikasema nimeyasoma. Akauliza, kwa sauti ya chini ambayo siipendi, ilikuwaje basi nikayasoma na bado nikanunua. Akasema hilo dubwana halivuki kizingiti. Bidhaa za punguzo hazirudishwi dukani, sheria ninayowaimbia wateja mimi mwenyewe. Kwa hiyo liko barazani, na utepe wake.

Jumapili, 15 Desemba

Leo kafua mashuka kwenye beseni, pale pale barazani, kaipa mashine mgongo. Kila akikamua anafumba macho kwa maumivu. Nimeumia, sifichi. Nikavuta stuli nikakaa karibu naye. Nilikuwa nimeamua kumwambia yote, toka zulia mpaka soksi. Nikafungua mdomo.

Akaniwahi. Akasema maneno ya muuzaji haamini tena, ya mume ndiyo kabisa. Ila amemwandikia Mama Mapacha na kumkaribisha Jumamosi ijayo aje aikague mashine kwa macho yake. Mama Mapacha akisema hii haina kasoro, ataiwasha siku hiyo hiyo.

Nikafunga mdomo. Nikaingia bafuni na simu, na Mama Mapacha akakubali mwaliko kwa furaha.

Kwa hiyo mambo yamenyooka. Keshia wetu amekubali kuwa Mama Mapacha, mradi nimshikie zamu zake za sikukuu. Kilichobaki ni mapacha, kwa sababu mama watoto amesisitiza waje nao. Nimeshampigia Kidevu. Ana watoto wawili, wa kike ana miaka tisa na wa kiume ana minne. Nikiwavalisha nguo za rangi moja, nani atajua?