Mume Wangu Anakufa Kila Alhamisi

Kijiji cha Ujamaa, Barabara ya Shelui,
Iramba, Mkoa wa Singida.
12 Agosti, 1975.

Ndugu Mhariri, pamoja na Ndugu Mchoraji ambaye naamini meza yake iko karibu na yako,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, ingawa huyo mnayemchora hamtaki awe mzima hata wiki moja. Mimi ni Rahabu, mke wa Naftali. Mume wangu ndiye yule mnayemwita Bwana Tafrani katika ukurasa wa katuni, ambaye hufa kila gazeti lenu linapotoka. Msikatae. Lori lililompakia mchoraji wenu liliharibika Shelui kiangazi kilichopita, akashinda kwetu mchana kutwa akila karanga, huku akimtazama Naftali na kuchorachora. Kofia ya Naftali ya ukindu ililiwa na mbuzi upande wa kushoto. Tanzania nzima hakuna kofia nyingine ya namna hiyo, isipokuwa hiyo ya Bwana Tafrani.

Sasa naomba nieleze malalamiko yangu kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima.

1. Gazeti likishuka kwenye basi siku ya Alhamisi, Mwalimu Kristina hulisoma darasani. Siku hiyo hakosi mtu, hata wale wanaosema macho yao hayaoni ubao. Hapo ndipo kijiji kizima kinapojua mume wangu amekufaje. Mara kapigwa na radi akiwa chooni. Mara kapitiwa na ile mashine ya kushindilia barabara, kawa bapa kama chapati. Watu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Naftali mwenyewe anacheka kuliko wote, jambo ambalo linaniudhi zaidi.

2. Watani. Huenda huko mjini mmeanza kusahau, kwa hiyo naeleza. Mtu akifa, watani huja msibani kumtania marehemu. Huvaa nguo zake, huiga mwendo wake, hulala mlangoni, na hawaondoki mpaka wapewe kuku. Hiyo ni desturi, sina ugomvi nayo. Lakini watani zetu wa hapa kijijini, wakiongozwa na Ndugu Fabiano, wameamua kwamba kifo cha gazetini ni kifo halali, kwa kuwa kimepigwa chapa na serikali haijakikanusha. Kila Alhamisi jioni wanakuja. Fabiano anamvua Naftali kofia, anaivaa yeye, kisha anajilaza mlangoni kwangu ulimi nje, vile vile mlivyochora. Wenzake wanaangua kilio na kumsifu marehemu kwa uvivu wake. Marehemu naye amekaa pale pale kwenye kigoda, anawasahihisha wakikosea. Halafu anadaiwa kuku. Ndugu Mhariri, jogoo wangu mwekundu alikwenda na ile radi. Tetea aliyekuwa akiatamia alikwenda na mashine ya barabara. Nimebakiwa na kuku mzee mwenye jicho moja, na sijui mmemwandalia Naftali kifo gani kingine.

3. Mwezi uliopita mlimfanya amezwe na mamba. Ndugu Mchoraji, wewe umefika hapa. Uliona maji ya kukaa mamba? Kama ni lazima mume wangu afe, basi afe kwa vitu vya kwetu. Tunao nyuki, tunalo jua, na tuna mikutano ya kijiji isiyokwisha.

4. Kwa desturi yetu, mtu akifa hakuna anayekwenda shamba mpaka azikwe. Na ninyi hamjamzika hata mara moja! Kwa hiyo kila Ijumaa pamba ya kijiji inabaki shambani, watu wamekaa kivulini wanasubiri mazishi. Mwenyekiti wetu, Ndugu Melkizedeki, amekuja kwa heshima zote kumwomba Naftali akubali kuzikwa kidogo tu, mpaka magotini, ili uzalishaji uendelee. Naftali alikubali na kwenda kutafuta jembe. Ni mimi niliyekataa.

5. Hili la mwisho haliwahusu watani. Mwaka juzi Naftali aliugua kifua, nikakesha nikisikiliza pumzi zake. Nikiona ile picha amelala chali, macho yamechorwa misalaba, nacheka na wenzangu. Nikirudi nyumbani namtazama kifua kama kinapanda na kushuka. Naogopa, Ndugu Mhariri. Sioni aibu kulisema.

Kwa hiyo naomba Bwana Tafrani asife tena. Mwacheni anywe chai, azeeke taratibu kama watu wengine. Mkishindwa, basi Ndugu Mchoraji ajichore mwenyewe amepondwa na mashine, nasi tutawapeleka watani kwa mama yake mzazi, naye atoe kuku.

Wasalimieni wote hapo ofisini, na dereva wa lile lori, na huyo mama wa mchoraji, ambaye sina neno naye kwa sasa. Naftali anawasalimu sana, hajui ninachoandika.

Ni mimi mwananchi mwenzenu, mjane wa Alhamisi,
Rahabu Naftali.

Nyongeza, Alhamisi jioni. Nilikuwa sijafunga bahasha gazeti la leo lilipofika. Nimeona Bwana Tafrani amekaa kwenye kiti, anakunywa chai, mzima kabisa. Sijui nani amewaambia kabla yangu. Darasani watu walitazamana, wakachukua madaftari yao wakaenda zao. Mimi nilikuwa nimeshamchinja yule kuku mwenye jicho moja asubuhi ili Fabiano asinisumbue, na nimesonga ugali wa kuwatosha wote. Jua limezama na hakuna aliyekuja. Naftali amekaa mlangoni na kofia yake, anaangalia barabara. Tulipohamia hapa kutoka Ulemo, nyumba zilipangwa mistari na hatukumjua mtu. Mpaka mlipoanza kumuua mume wangu, hakuna jirani aliyewahi kuvuka mlango huu. Ndugu Mhariri, yote niliyoandika hapo juu yafuteni. Alhamisi ijayo tafadhali muueni. Hata kwa mamba, si kitu. Kuku nitaazima.