Kengele za Radi

Jumatatu, 3 Machi
Mkurugenzi wa makumbusho amesema chumba changu cha vyombo vya kale vya umeme hakina watazamaji. Wageni wakuu wanakuja Jumamosi. Wasipovutiwa, chumba wanapewa wanyama waliokaushwa. Msimamizi wa wanyama hao ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ameshaanza kupima kuta kwa futi kamba. Akaniomba niinue miguu.

Lakini nina mpango. Ninazo kengele mbili na gololi ya shaba inayoning'inia katikati kwa uzi wa hariri. Zamani wataalamu walivuta waya kutoka paani. Wingu lenye umeme likipita, gololi inacheza, kengele zinalia. Zitalia tena.

Jumatano, 5 Machi
Waya uko paani. Mbingu nyeupe, kengele bubu. Nikawaonyesha walimu wawili chupa ya kutambulia umeme, yenye vijani viwili vya dhahabu. Nikasema nikisogeza fimbo ya kioo iliyosuguliwa, vijani vitaachana. Nimesugua kwa shali ya mke wangu mpaka bega likafa ganzi. Hewa ina unyevu, vijani vimegandana kama maharusi. Nikafungua kifuniko nichungulie. Nikapiga chafya. Nusu ya dhahabu imepeperuka, nusu nimeivuta puani. Shemeji akauliza kwa upole kama hilo ndilo jaribio lenyewe.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu ameuliza kama nataka kumwacha mjane kwa ajili ya kengele. Nikamjibu kuwa waya wa pili nimeufunga kwenye chuma, umeme ukizidi utashukia ardhini. "Chuma gani?" Nikasema nilichokikuta ukutani. Amechukua shali yake.

Jumamosi, 8 Machi
Wingu jeusi. Kengele zimelia. Machozi yalinitoka. Mkurugenzi akatabasamu, wageni wakasogea. Ndipo radi ikapiga karibu na paa. Kile chuma hakikufika ardhini. Upande wa pili wa ukuta kinamshikilia simba wa shemeji. Simba ameungua manyoya yote ya shingo. Hakuna aliyeumia ila mimi, moyoni.

Jumatatu, 10 Machi
Chumba kimekwenda. Sasa mimi ni msaidizi wa shemeji, kazi yangu kupiga ngozi brashi. Anasema nipige taratibu. Nimelia kidogo nyuma ya twiga. Lakini leo hewa imekauka, na nilipompiga brashi pundamilia, manyoya yalisimama, cheche zikaruka. Umeme wa bure, mgongo mzima. Nimemwambia shemeji aende tu akanywe chai, nitamalizia mwenyewe.