Matairi ya Theluji

Hanifu wa Makole hakuwahi kumiliki baiskeli, na ungempandisha juu ya moja angeanguka kabla hujamwachia. Hilo halikumzuia kuwa mtaalamu wa baiskeli. Huko nyuma alishakuwa dalali wa viwanja asivyojua viliko, na wakala wa mashine ya kukamulia zabibu ambayo hakuna aliyewahi kuiona, yeye mwenyewe akiwemo. Mungu alimnyima mtaji akampa mdomo, na mdomo hauhitaji leseni.

Utaalamu huu mpya ulimshukia Jumapili asubuhi, akiwa kwenye benchi la kahawa. Barabarani alikuwa anakuja mwanamume wa makamo, amevaa nguo iliyombana hata kitambi kikaomba msamaha, kofia ngumu kichwani, anakokota baiskeli ya maana. Gurudumu la nyuma lilikuwa limelala kama chapati.

Hanifu akaweka kikombe chini. Watu wengine wakiona mtu kapata pancha huona pancha. Yeye aliona mlango umeachwa wazi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Pole na mbigili."

"Umejuaje kama ni mbigili?"

Mtoto yeyote wa Dodoma angejua, maana vichaka vya hapa havina cha kumkaribisha mgeni zaidi ya mwiba.  Lakini Hanifu aliizunguka ile baiskeli polepole, akachuchumaa, akaliminya tairi kwa kidole gumba, kisha akakinusa kidole. Kunusa kidole ndiko kulikommaliza yule bwana.

"Hili tairi umelitoa wapi, bosi?"

"Niliagiza Ulaya. Ni zuri sana hili, la milimani."

"Milima ipi?" Hanifu alisikitika kwa kichwa. "Hili ni tairi la theluji."

"La theluji?"

"Tazama meno yake yalivyoachana. Gusa mpira wake, laini. Hili linasubiri baridi. Ukilileta kwenye jua letu linapata homa. Likishapata homa linalegea, na likilegea mbigili zinaingia kama watu wa harusini, wenye kadi na wasio na kadi."

Bwana huyo aliitwa Octavian, afisa wa wizara aliyehamia Dodoma pamoja na mafaili ya serikali. Alikuwa na shahada nyingi na hasira moja. Kila Jumamosi klabu yao ya baiskeli ilipita njia za ng'ombe kwenye vilima vya nyuma ya Chimwaga, na kila Jumamosi mwanamke mmoja mtumishi wa Bunge, Evarista, alimkuta ameinama anaziba pancha, akampita akimpungia mkono. Kupungiwa mkono ndiko kulikomnyima usingizi. Jumamosi iliyofuata klabu ingeshindania kombe, na Octavian alishamwambia mkewe aandae mahali pa kuliweka.

"Kwa hiyo nifanyeje?" aliuliza.

"Lipo tairi la nchi kavu. Nitakufungia yote mawili."

"Bei gani?"

"Sitaki hela yako."

Ndugu msomaji, mtu wa mjini akikwambia hataki hela yako, shika mfuko kwa mikono miwili. Somo hilo Octavian hakulikuta chuoni.

"Haya ya theluji utaniachia mimi," Hanifu aliendelea. "Ni taka hatari, yanataka kuteketezwa kitaalamu. Na jambo lingine, usimwambie mtu. Katika klabu yenu siri hii nimekupa wewe peke yako."

Octavian alitazama kushoto na kulia kama mtu anayepokea rushwa, akaitikia kwa kichwa.

Matairi ya nchi kavu yalitoka Kizota, kwenye ua wa Salwa. Salwa alikuwa mama wa mjini, ukoo wake ukifanya biashara Dodoma tangu enzi za misafara, na yeye aliuza matairi yaliyokwishatumika. Humo ndimo Hanifu alimokuta rundo la matairi mazito, magumu, meusi ti, yaliyovuliwa kwenye baiskeli za wabeba mkaa. Aliyapata kwa bei ya maji. Salwa mwenyewe ndiye aliyeyafunga, na kabla ya kuyafunga alitandika ndani kipande cha tairi jingine kuukuu. Hanifu alidhani anayapa unene yapendeze. Akamsifu.

"Na haya unayoyavua?" Salwa aliuliza, akilipima mkononi tairi la Octavian, jepesi, linang'aa kama samaki.

Hanifu alikuwa na jibu la kweli, ila hakuwa na tabia ya kulitumia. Arusha kulikuwa na duka la baiskeli za watalii ambalo lingeyanunua matairi yale kwa pupa. Lakini Salwa akilijua hilo angetaka fungu.

"Hayo? Takataka, dada. Yahifadhi hapo pembeni, nitayachoma."

"Takataka?"

"Takataka tupu."

"Sawa, kaka," alisema Salwa, akayapanga pembeni vizuri mno kwa takataka.

Kesho yake Hanifu alimvizia Evarista nje ya ofisi. Huyu alikuwa mkali zaidi.

"Mimi sijawahi kushindwa," alisema. "Nibadilishe tairi kwa sababu gani?"

"Kwa sababu kuna mtu kashabadilisha," Hanifu alinong'ona. "Jina silitaji. Ana kitambi."

Evarista alipeleka baiskeli Kizota jioni ileile, na aliapishwa siri ileile. Baada yake alikuja mhadhiri, akaja mhasibu, wakaja wengine, kila mmoja peke yake, kila mmoja akiingia uani kwa Salwa kama anayekwenda kwa mganga. Kabla wiki haijaisha klabu nzima ilikuwa inakanyaga mpira wa wabeba mkaa, na kila mwanachama aliwaonea huruma wenzake kimoyomoyo. Pembeni mwa ua, lundo la theluji liliongezeka hadi kufika dirishani.

Hanifu alipanga kuondoka na lundo lake kwenda Arusha Jumamosi asubuhi, wateja wakiwa vilimani. Alikuwa anafunga begi aliposikia honi mlangoni. Octavian alikuwa ndani ya gari, baiskeli ipo nyuma.

"Panda twende, mtaalamu. Nataka uyaangalie mara ya mwisho kabla sijaanza."

"Bosi, leo nina udhuru wa msiba..."

"Wa nani?"

Mdomo uliolishwa uongo wa kila aina ukakosa maiti kwa haraka. Akapanda.

Walipofika Chimwaga wanachama wote walikuwa wamejipanga. Octavian alimwonya, "Simama kule, kama hunijui." Hanifu akasimama kule. Evarista akamkonyeza. Mhadhiri akakohoa. Mhasibu akamwinulia kidole gumba nyuma ya mgongo wa Evarista. Ndipo mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam, Batholomeo, aliyekuja kushiriki na baiskeli mpya ya matairi ya Ulaya, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote:

"Samahani, hii ni sare ya klabu? Mbona wote mna tairi moja?"

Vichwa vikainama. Macho yakapita gurudumu hadi gurudumu. Kisha yakainuka yote kwa pamoja yakatua kwa Hanifu, aliyekuwa tayari amepiga hatua kuelekea kijiwe cha bodaboda.

"Wewe!" Evarista alifoka. "Si ulisema ni mimi peke yangu?"

"Na mimi!" wakadakia wengine.

Jasho lilimtoka Hanifu hata kwenye kope. Lakini mdomo, kama mbuzi wa Kigogo, hutafuta jani hata kwenye jiwe.

"Ni kweli," alisema. "Kila mmoja nilimwambia hivyo. Sasa nijibuni na mimi. Yupo aliyekwenda kumwambia mwenzake?" Akawatazama mmoja mmoja. "Yupo hapa aliyelala akiomba mwenzake apate pancha? Ajitokeze, tuanze naye."

 Octavian alikagua breki zake. Mhadhiri aligundua kamba ya kiatu imelegea.

"Tuanze mbio," alisema Evarista, bila kumtazama mtu.

Wakaondoka, vumbi likawafunika. Hanifu aliachwa na kreti za soda na mtunza muda aliyemganda kama kupe. Alijua kinachokuja. Mpira ule wa mkaa ungewapasukia makorongoni, wangerudi kwa miguu, wana kiu, wana hasira, na wengine wana shahada za sheria. Alianza kutunga msiba upya, safari hii na jina la marehemu kabisa.

Wa kwanza kutokea alikuwa Evarista, amejaa vumbi, meno yote nje. Nyuma yake, akihema kama mvukuto unaovuja, alikuja Octavian. Ndiyo, kombe lilimpita, lakini alikuwa wa pili, mtu ambaye hajawahi kumaliza! Wakaja wote, wakizungusha pedali. Hakuna aliyekokota. Magurudumu yalikuwa yamejaa mbigili kama nungunungu, na hata moja haikupenya tandiko la Salwa.

Aliyekuja kwa miguu ni Batholomeo, mnyonge, kabeba baiskeli begani.

"Matairi ya theluji hayo!" Octavian alimpokea kwa furaha ya mtu aliyepata wa kumhurumia. "Pole sana. Muulize mtaalamu."

Wakamwinua Hanifu juujuu. Huko juu alitabasamu, akijiuliza inakuwaje mtu aseme uongo kwa ustadi wote ule halafu ukageuka kweli mikononi mwake. Hata hivyo lundo lilikuwa bado lake. Aliomba ashushwe, ana udhuru.

"Udhuru wa nini?" alisema Evarista. "Twende wote Kizota. Mgeni anataka kufungiwa, na mimi nataka ya mdogo wangu."

Walipoingia uani kwa Salwa, lori lilikuwa limewasha injini. Juu yake, chini ya kamba, matairi ya Ulaya yalipangwa kwa safu, yamefutwa vumbi, yanang'aa. Salwa alikuwa anamalizia fundo.

Hanifu alilikimbilia lori. "Dada Salwa! Hilo lori linakwenda wapi?"

"Arusha, kaka. Kuna duka la baiskeli za watalii kule. Wameyataka yote."

"Lakini hayo ni... hayo mimi..."

"Wewe nini?" Salwa aliuliza kwa upole, akageukia klabu nzima. "Jamani, karibuni. Afadhali mmekuja, mtusaidie. Kaka Hanifu, wateja wako hawa hapa. Niambie mbele yao. Haya matairi yao uliyoyachukua yana thamani, au ni takataka?"

Macho yote yakamgeukia. Octavian alikuwa anatabasamu bado. Akisema yana thamani, lile tabasamu lingezimika, na polisi hawakuwa mbali. Akisema hayana, lori lingeondoka. Hanifu alifungua mdomo, ule mdomo aliopewa badala ya mtaji, na kwa mara ya kwanza maishani ukaomba muda wa kufikiri.

"Takataka," alisema mwishowe.

"Sijasikia, kaka. Injini inapiga kelele."

"Takataka tupu!"

"Ahsante. Mmesikia, jamani." Salwa akapiga bodi ya lori kwa kiganja. "Dereva, nenda. Uwape pole watu wa Arusha kwa takataka zetu."

Lori likatoka getini. Hanifu alilifuata kwa macho mpaka likakata kona.

"Mtaalamu, mbona machozi?" Octavian alimshika bega.

"Vumbi, bosi."

Batholomeo alikuwa ameshalaza baiskeli yake chini, anangoja. Evarista alikuwa anapekua rundo la wabeba mkaa, anauliza lipi linafaa njia za mchanga za Singida, na nyuma yake mhasibu alikuwa kwenye simu akimwita shemeji yake aje na yeye. Salwa aliwatazama wateja, akamtazama Hanifu, kisha akavuta kigoda kwa mguu mpaka mbele yake.

"Kaa, kaka," alimwambia. "Mimi nafunga, wewe unaongea. Na ushindwe kuongea leo, uone nitakavyoongea mimi."

Hanifu akakaa.