Upepo, Koti la Mjomba na Mgongo wa Loku

Jumatatu, 13 Januari 1975
Ngoma ya kanisa imepasuka! Teresina, kiongozi wa kwaya, uzuri wote wa mtaa wetu wa Juba Na Bari, ametangaza: atakayeleta ngozi kutoka Nimule, kusini, kabla ya Jumapili ndiye atakayeipiga mwaka mzima. Mwaka mzima kando yake Teresina! Nimejitokeza. Loku pia, jirani yangu mwenye miguu mifupi. Namhurumia. Hana koti pana la mjomba kama langu.

Jumanne, 14 Januari
Mimi ni fundi! Upepo wa kaskazini mgongoni, koti wazi, limetuna, baiskeli inakimbia yenyewe. Nimempita Loku kabla ya kijiji cha Nesitu na kumpungia mkono. Madereva wa malori waliacha chai wanitazame. Hata mimi ningejitazama.

Alhamisi, 16 Januari
Ngozi tumepata wote wawili. Ya Loku ameikunja kama mkeka. Yangu nimeifunga wima mgongoni, watu waione. Tulipoanza kurudi Juba nikafungua koti mapema, maana upepo umeshanizoea. Msaliti! Umenipiga usoni kutwa nzima. Nakanyaga, nahema, mti ni ule ule. Loku ameinama mpaka kidevu kinagusa usukani, akanipita polepole. Hakupunga hata mkono. Adabu hiyo imeniuma.

Ijumaa, 17 Januari
Loku alinisubiri njiani. Akasema, "Gune, wewe kaa nyuma yangu. Mgongo yangu iko nakata upepo." Nilikataa. Kisha nikakubali. Jamani, mgongo ule! Nyuma yake kumetulia kama ndani ya nyumba. Anaumia yeye, napumua mimi, wala halalamiki. Nampenda Loku, sitamwambia.

Karibu na Juba nikapata wazo: nichomoke ghafla, niingie kanisani wa kwanza. Nikafungua koti kwa ajili ya kasi. Nikachomoka. Upepo ukanidaka mzima mzima: mimi mtaroni, ngozi kwenye miiba, imechanika vipande viwili. Loku akarudi kuniinua. Akasema, "Maalesh, kaka," yaani pole. Hilo ndilo lililoniliza.

Jumapili, 19 Januari
Loku amepiga ngoma mpaka wazee wamesimama kucheza. Nami nimecheza, nachechemea. Teresina alimtazama yeye tu. Anastahili, lakini inauma.

Baada ya ibada Teresina akasema kwaya inataka kayamba kutoka Terekeka, kaskazini. Nimejitolea kabla hajamaliza. Loku amesema tufuatane, atatangulia yeye. Nimemshukuru na kukataa. Upepo unatoka huko huko Terekeka, basi njia unaijua. Kosa lilikuwa koti, dogo mno. Nimeazima shuka la mama.