Stika za Kijani na Mkataba wa Ijumaa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeula! Mkurugenzi wa halmashauri amenikabidhi mimi, mimi mwenyewe, ushirikiano wetu na Karakana ya Akina Mama. Hilo ni shirika la hisani linalochukua meza mbovu, viti vya miguu mitatu na makabati yaliyochoka, linavitengeneza, kisha linavigawa kwa shule na zahanati. Sisi tuna stoo tatu za samani zilizokufa. Wao wana nyundo. Mkataba unasainiwa Ijumaa ukumbini, mbele ya wageni. Ukisainiwa, mimi ni Mratibu wa Matumizi ya Pili. Ofisi yenye dirisha! Kibao mlangoni! Usiposainiwa, kasema bila hata kupepesa macho, narudi kwenye mizani ya dampo.

Miaka minne nilipima malori ya taka pale. Mke wangu alikuwa hataki niingie ndani na shati. Sirudi ng'o.

Nimebuni mfumo. Stika za kijani. Chenye stika, akina mama wanabeba bila kuuliza. Kisicho na stika, hawakigusi. Rahisi mpaka raha. Nimejaribu moja kwenye kabati langu la mafaili, kuona kama gundi inashika. Imeshika vizuri mno. Hata kwa kucha haibanduki. Basi nikaiacha.

Jumanne, 4 Machi

Bwana Mipango kaanza fitina. Huyu ni afisa mipango wa chumba cha pili, na roho yake haijatulia tangu nipewe kazi hii. Kikaoni kadai wazo la stika ni lake, eti alilitaja mwaka jana wakati wa chai. Mwaka jana! Akiwa na mkate mdomoni! Nani alimsikia? Mkurugenzi akatikisa kichwa kukubali. Damu ikanichemka. Bwana Mipango alipokwenda kunawa mikono, nikanyata hadi chumbani kwake nikakipa kiti chake stika. Nikaongeza ya pili, isije ikaleta ubishi.

Mchana Mkurugenzi kasaini upande wetu. Kurasa nne, karatasi ngumu ya heshima, mhuri kila ukurasa. Mama Mwenyekiti wa karakana atasaini Ijumaa. Nimeuweka mkataba droo ya chini ya kabati langu, nikafunga, ufunguo nikauvaa shingoni. Mke wangu kauliza kama nimetoa nakala. Nikamwambia nakala ni za watu wasiojiamini. Akaendelea kukunja nguo.

Jumatano, 5 Machi

Akina mama wamefika saa mbili kamili na lori. Nimewapokea getini kwa hotuba fupi. Nilipofika katikati ya hotuba nikagundua anayenisikiliza ni Mama Mwenyekiti peke yake. Wenzake walikuwa ndani kitambo, wanabeba. Mama huyu ni mwalimu mstaafu wa useremala. Kaniambia nimalizie njiani kwa sababu lori limejaa.

Kiti cha Bwana Mipango kimekwenda! Saa nne nilimkuta amekalia ndoo ya rangi, magoti usawa wa kidevu. Nikamuuliza kwa upole kama mgongo hajambo. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Sikurudi chumbani kwangu kutwa nzima. Nilikuwa ukumbini, napima pa kusimama wakati wa picha.

Alhamisi, 6 Machi

Kabati halipo! Pembe tupu. Alama nne za miguu sakafuni, na mimi nimesimama na ufunguo shingoni.

Nikajua tu ni nani. Nikamvamia Bwana Mipango nikamwambia arudishe kabati la watu. Akasema yeye mwenyewe bado anatafuta kiti. Tukatazamana. Nikaona nisilikuze jambo.

Nimetafuta stoo, chooni, chini ya ngazi. Kabati la chuma la droo nne, nimelitafuta hata nyuma ya pazia. Mama wa masijala, mtu mpole kabisa, akauliza kama halikuwa na stika. Nikamjibu kwa ukali kwamba haiwezekani, stika nabandika mimi mwenyewe.

Halafu nikakumbuka. Mama yangu mzazi!

Nimekimbia mbio hadi karakana, kiatu kimoja kikibaki njiani. Mama Mwenyekiti kanituliza. Kabati lipo, ila siruhusiwi kuliona, ni zawadi ya kesho. Kuhusu kufuli kasema lile lilikuwa la mchezo tu. Nikauliza, na karatasi za ndani je? Akavuta kifua mbele, akasema kwao hakitupwi kitu. Loo! Nilitamani kumkumbatia. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Ijumaa, 7 Machi



Ukumbi ulijaa. Kabati langu mbele, rangi ya njano, utepe juu. Kila mgeni alipewa ratiba ndani ya bahasha safi ya kutengenezwa kwa mkono. Mkurugenzi akaomba mkataba. Nikaliendea kabati kwa mwendo wa bwana harusi. Droo ya chini, tupu. Ya pili, tupu. Zote tupu! Nikamgeukia Mama Mwenyekiti. Akanionyesha bahasha mikononi mwa wageni, uso umejaa fahari. Karatasi ngumu yenye mhuri, akaninong'oneza, waliwawekea wageni wa heshima.

Nikasikia harufu ya dampo. Kweli tupu, pale pale ukumbini.

Mkurugenzi akaigeuza bahasha yake. Akaiona saini yake mwenyewe, imekunjwa katikati. Daktari wa zahanati akakuta mhuri. Mwalimu mkuu akaanza kusoma kifungu cha tatu kwa sauti. Halafu Mkurugenzi akacheka! Mtu ambaye sijawahi kuyaona meno yake! Alicheka mpaka miwani ikamdondoka, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akasema ushirikiano huu umeanza kazi kabla ya kusainiwa. Akina mama wakakusanya bahasha nne, wakazikunjua, wakaziunga kwa stika za kijani kutoka mfukoni mwangu. Mama Mwenyekiti akasaini juu ya kabati. Nikalia machozi ya furaha mbele za watu, wala sioni aibu.

Doa moja tu. Kiti cha Bwana Mipango kimerudi na mto mpya, kizuri kuliko changu.

Jumatatu, 10 Machi

Mratibu! Kibao kiko mlangoni, nimeshakifuta mara tatu. Nimemweleza mke wangu kwamba bahasha zilikuwa mpango wangu tangu mwanzo. Kauliza kama sasa kuna nakala. Nimemwambia mkataba uko salama, droo ya chini.

Mkurugenzi kaniita kunipongeza. Kasema chondechonde, stika sasa zikae mbali na ofisi. Nikaitikia kwa heshima zote. Simu yake ikaita, akatoka nje kuongea. Nami nilikuwa na stika mpya mfukoni, kubwa kuliko zile, gundi tofauti kabisa. Na kiti chake kile cha ngozi, cha kuzunguka, kilikuwa pale pale mbele yangu. Nikajaribu moja tu, kwa nyuma, pasipoonekana.

Imeshika vizuri mno. Nimeiacha. Akina mama wanakuja kesho saa mbili.