Ndege Yangu Mikononi mwa Mama Mkwe

Ijumaa, 31 Oktoba

Joto limepungua! Nimefungua dirisha asubuhi na hewa imeingia kwa adabu, kama mgeni. Hali ya kurusha ndege za rimoti. Miezi mitano nimeisubiri.

Nilitaka kwenda peke yangu. Kheiria, mke wangu, akasema nimchukue mama yake, amechoka kukaa ndani. Bi Khole ana miaka sitini na tisa, anaishi nasi hapa Khuwair ya Kusini tangu Ramadhani, na kazi zake ni mbili: kushona kofia na kunitazama ninavyokula. Nikasema kule jua, vumbi, hakuna kivuli. Nilipogeuka alikuwa keshavaa buibui, keshajaza chupa ya chai, keshakaa kiti cha mbele.

Uwanja wetu uko nyuma ya majabali, changarawe tupu. Chama kina watu kumi na mmoja. Mimi nina miaka sita chamani na ndiye mwenye dhamana ya hali ya hewa: nasoma utabiri, nawatumia wenzangu. Ndege nilizowahi kuwa nazo ni nne. Mbili bado zina umbo la ndege.

Yaqdhan, mwenyekiti wetu, mtu wa heshima zilizozidi, akamuuliza Bi Khole kama angependa kuonja ndege ya wanafunzi. Nikacheka. Nilicheka peke yangu. Bibi akaweka chai chini, akashika rimoti kama anashika kitambaa cha kofia, akazungusha duara. Duara zima! Kisha la pili. Kisha akageuza, akachora nane angani.

Makofi. Ghassan, mwenzetu chamani, akarikodi kwa simu. Katika miaka sita mimi nimepigiwa makofi mara moja, siku niliyozima betri iliyoshika moto.

Njiani akaniambia: "Kumbe kazi yenyewe nyepesi, mwanangu. Nami nikidhani ngumu, kwa unavyorudi na jasho."

Sina wivu. Naandika tu yaliyotokea.

Jumamosi, 1 Novemba

Kanigongea mlango baada ya sala ya alfajiri. Keshavaa.

Upepo leo wa vipande vipande, mara upo, mara haupo. Ndege yangu imeshuka kwa pua. Yake imeshuka kama njiwa.

Habari kubwa! Ijumaa ya tarehe 14 chama kitafanya maonyesho. Hema litapigwa, wageni watakuja na familia zao. Ndege ya ufunguzi itarushwa na mtu mmoja tu. Macho yangu yakamwendea Yaqdhan. Macho ya Yaqdhan yakamwendea Bi Khole. Mwenyekiti akaona aibu, akasema kutakuwa na shindano wiki ijayo: atakayetua karibu zaidi na kitambaa cheupe ndiye mfunguzi.

Keshapewa na jina. Wanamwita Rubani. Siku mbili tu! Mimi baada ya miaka sita bado naitwa Jaifar wa Gundi.

Jumatatu, 3 Novemba

Mpango wa kwanza. Nimemwambia Bi Khole, kwa mapenzi tu, kwamba kutazama juu muda mrefu kunapandisha presha kwa watu wa umri wake. Akashtuka. Nikajisikia vizuri. Kheiria akamchukua hospitali.

Wamerudi. Presha imeshuka! Daktari amesema miaka mitatu hajaiona nzuri hivyo, chochote anachokifanya bibi aendelee nacho. Kisha akaomba atumiwe video.

Jumatano, 5 Novemba

Mpango wa pili, wa kiume. Baada ya kazi nimepita duka la Ruwi nikanunua ndege mpya. Bawa mita mbili! Nyekundu! Muuzaji alisema hii si ya wanaoanza. Nikamwambia mimi nina miaka sita. Akaniuliza ya nini.

Bawa halikuingia garini. Nimeendesha hadi nyumbani limetoka madirisha mawili, kama gari lenyewe linataka kuruka. Kheiria nilimwambia ni fimbo za mapazia. Akaniuliza mapazia gani yana magurudumu.

Bi Khole akaiweka ndege juu ya ncha za vidole vyake viwili, akasema ina uzito nyuma, kama punda aliyepakizwa mkiani, nisogeze betri mbele. Anafundisha nani? Betri nimeiacha pale pale.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku ya shindano. Niandike kwa ufupi.

Alfajiri upepo ulitoka mlimani. Ilipofika saa mbili na nusu ukageuka, ukawa wa baharini. Msimu huu ndio tabia yake. Kila mtu anajua ndege hutua kwa kukabili upepo. Bi Khole aliponiuliza kwa upole, "Mwanangu, upepo watoka wapi sasa?" nikamwambia unatoka mlimani.

Ndiyo. Nilisema hivyo. Hii ni shajara yangu, hapa sidanganyi.

Akatazama pindo la buibui lake linavyopepea. Akaizungusha ndege, akaileta kutoka upande uliokuwa sahihi, akaiteremsha hatua nne kutoka kitambaani, karibu kuliko wote.

Zamu yangu, ya mwisho. Nilikuwa nimeurudia ule uwongo kichwani mara nyingi mno ili usinitoke vibaya, hata nikauamini. Nikatua na upepo mgongoni. Ndege nyekundu ikapita kitambaa, ikapita magari, ikapita mbuzi watatu wa watu, mkia umelemea chini kama ule wa punda, ikaingia kwenye mgunga. Nimepanda mgunga na kanzu yangu. Mgunga una miiba.

Nilipokuwa juu Bi Khole akasogea chini ya mti, akasema taratibu, wengine wasisikie: "Nilijua umekosea upepo. Sikutaka kukusahihisha mbele ya wenzako."

Nikamshukuru. Kwa sauti iliyotoka katikati ya miiba.

Jumapili, 9 Novemba

Video imesambaa. Si ya kutua kwake, ya mimi mtini. Binamu kanipigia simu kutoka Unguja kuniuliza kama nimeshashuka.

Kheiria amebadilisha picha ya simu yake. Ameweka ya mama yake ameshika rimoti, anatazama juu. Miaka kumi na minne ya ndoa na mimi sijawahi kuwekwa. Zamani kulikuwa na ua. Baada ya ua kulikuwa na sahani ya biriani. Biriani! Nimemuuliza, kwa mzaha, mume anawekwa lini. Akasema siku nitakayotua.

Na huyu bibi sasa amekaa sebuleni analitengeneza bawa langu lililochanika. Analishona! Mishono midogo midogo, safi kuliko ya kiwandani. Hakuombwa. Kasogeza na betri mbele. Mtu akikuudhi kwa ubaya unajua la kufanya. Huyu utamfanya nini?

Jumatano, 12 Novemba

Nimepata la kufanya.

Munkhafadh linakuja, mawingu na mvua na radi. Utabiri unasema Ijumaa shwari, mvua Jumamosi. Na Jumamosi asubuhi Bi Khole anakwenda mtaa wa Madinat Sultan Qaboos kumposea mpwa wake. Yeye ndiye msemaji wa posa, hawezi kukosa.

Basi nimewaandikia wanachama: mvua Ijumaa, Jumamosi shwari. Nimebadilisha majina ya siku mbili tu. Yaqdhan kajibu papo hapo, kanishukuru kwa uangalifu wangu, kahamishia maonyesho Jumamosi.

Mvua yenyewe? Mvua ya mji huu hutangazwa mara kumi ikaja mara moja. Haitakuja.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku nzuri kuliko zote za mwaka. Hakuna jani lililotikisika. Wanachama kumi na mmoja wamekaa majumbani wanatazama anga la buluu. Yaqdhan kaandika mara tatu kuuliza mvua iko wapi. Nikajibu imechelewa.

Alasiri Bi Khole akaniita kibarazani. Alitazama juu muda. Akasema: "Kesho mie simo. Nimeshamwambia Yaqdhan, badala yangu arushe Jaifar. Nikamwambia, mkwe wangu ana miaka sita anaingoja siku hii."

Nimeona haya. Nimeona haya kwa muda wa gilasi nzima ya chai. Kisha nikaenda kuchaji betri.

Jumamosi, 15 Novemba

Mvua imekuja.

Si mara moja. Asubuhi mawingu yalikaa juu ya majabali kama wazee wanaosubiri kusema. Wageni wakaja, hema likajaa, watoto, halwa, kahawa. Tone moja. Matone matatu. Yaqdhan akasema tuahirishe. Nikasema hapana! Kheiria alikuwa amekaa safu ya mbele na simu yake tayari kunipiga picha. Nikasema upo mwanya kati ya mawingu mawili, nauona.

Ndege nyekundu ikapaa. Ikapaa vizuri, wallahi! Bawa lililoshonwa likashika hewa, na kwa dakika moja na nusu nilikuwa mtu niliyekusudia kuwa maisha yangu yote. Nikasikia hema zima linasema mashallah.

Kisha upepo ukashuka mlimani kama mlango uliofunguliwa kwa teke. Ndege ikageuka bila ruhusa yangu. Nikavuta kushoto, ikaenda kulia. Nikavuta kulia, ikalala ubavu, ikaanza kushuka kuelekea hemani. Watu wakainuka. Kheiria akapiga kelele: "Jaifar! Watoto!"

Sauti ubavuni kwangu ikasema: "Nipe, mwanangu."

Bi Khole. Kavaa nguo za posa, hina mkononi, ananukia udi, viatu vimejaa vumbi. Nikamwambia naweza. Akasema: "Najua waweza. Nipe."

Hema lilikuwa linakaribia. Nikampa.

Alisogeza vidole gumba kidogo tu, kama anayetafuta tundu la sindano. Ndege ikainua pua, ikapita juu ya hema karibu kuligusa, ikageuka ikakabili upepo, ikakaa juu ya changarawe. Haikuvunjika hata kipande. Na hapo ndipo mvua ikamwagika, watu wakakimbilia magarini wakiliimba jina la Rubani.

Iandikwe hapa, maana hakuna mwengine atakayeiandika: rimoti nilimpa mimi. Nisingempa, angeiteremshaje?

Jumatatu, 17 Novemba

Barabara zimekauka. Nimemchukua Bi Khole kwa daktari wa macho. Njia nzima nilikuwa nikitafuta maneno. Mwisho nikamuuliza ilikuwaje Jumamosi akatoka kwenye posa.

Akasema aliwahimiza wale watu wakubali upesi ili awahi kuniona nikirusha. Akatazama nje kidogo. Kisha akasema, bila hasira hata chembe: "Mie nnayo simu, mwanangu. Utabiri nnausoma. Nilijua mvua ni Jumamosi."

Nilikaribia kupita taa nyekundu. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nikaona wataka sana siku hiyo iwe yako. Basi nikakuachia." Halafu akasema yeye ndege hazimshughulishi hivyo. Kinachomfurahisha ni hii safari. Miaka kumi na minne mimi ni mkwe wake, na hatujawahi kukaa pamoja zaidi ya sahani moja ya wali. Lakini tangu ndege hizi anajua napenda chai ya namna gani na kwamba nikiendesha huimba. "Ukitaka niache, nnaacha. Starehe hii ni yako."

Nimelia. Nilisimamisha gari mbele ya duka la matairi nikalia, na Bi Khole akanipigapiga begani kama mtoto. Nikamwomba radhi kwa upepo, kwa presha, kwa mvua. Nikamwambia asiache, tutakwenda pamoja kila Ijumaa, yeye na mimi. Wivu nimeuzika leo, Jumatatu, saa nne asubuhi. Naandika tarehe ili nikumbuke. Mimi ni mtu mpya.

Saa kumi jioni

Wakati wa chai Bi Khole, amefurahi, katuambia kwamba Ijumaa hatutakuwa wawili. Sleiman pia anakuja. Sleiman ni mume wa Jumana, mdogo wake Kheiria. Kijana mrefu, mpole, huwapikia watu wali wa samaki bila kuombwa. Kaiona ile video ya Jumamosi, kamwomba mama amfundishe. Naye kamkubalia. Kasema Sleiman ana vidole vizuri, vyepesi. Kasema atakaa kiti cha mbele kwa sababu ana miguu mirefu.

Kiti cha mbele!

Na chai? Nimeuliza kama atajaza chupa moja au mbili. Kasema moja, ya tangawizi, maana Sleiman anapenda tangawizi.

Mimi sipendi tangawizi. Anajua sipendi tangawizi.

Sina wivu, hilo nimeshalimaliza asubuhi. Lakini gari langu bovu kidogo, halibebi watu watatu, kwa hiyo nimempigia Sleiman nikamwambia aje na lake, nitamtumia ramani ya uwanja. Kanishukuru sana. Kaniita kaka.

Ramani nimeshamtumia. Ni ya uwanja wa Nizwa, nyuma ya milima, mwendo wa saa moja na nusu. Barabara nzuri, mandhari nzuri, na akitoka alfajiri atakuwa amefika kabla jua halijawa kali.